Kufufua Datsun 240Z nyumbani: kutu kwanza, injini baadaye

Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, ilishinda East African Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa ndani, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Sifa hiyo inawaponza wanunuzi hadi leo. Mtu anasikia "gari la Safari", anadhani kila kitu chake ni chuma cha pua. Injini, giaboksi na difu ni ngumu kweli. Bodi siyo. Bati lake ni jembamba, kinga ya kutu iliyotoka nayo kiwandani ni ya kupitisha siku tu, na maji yakishaingia yana mahali pengi pa kujificha.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi hapa unaanzia chini kwenda juu: bati, halafu injini, kabureta, breki na miguu (sehemu zinazobeba magurudumu), umeme mwishoni. Wanaoanza na injini huishia na injini nzuri ndani ya kopo lililotoboka.

Kukagua kabla hujatoa hela

Beba bisibisi ya zamani yenye ncha butu, tochi, na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Sumaku ikikataa kushika, chini ya rangi pana puti nene (kijazio cha kunyooshea bodi). Kitambaa ni cha kulinda rangi ya mwenye gari, maana bado hujamlipa.

Lala chini ya gari. Utaona reli mbili nyembamba zenye umbo la U zinazopita chini ya sakafu kutoka mbele kwenda nyuma. Karibu kila 240Z ina reli zilizobondwa na jeki. Kubondwa si tatizo kubwa. Tatizo ni pale bisibisi inapozama. Kisha gonga kona ya chini iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, pale mlango unapoishia: bati sauti yake ni kali, puti sauti yake ni ya kufa. Nenda nyuma ya gurudumu la mbele, ndani ya fenda, ambako tope hukaa miaka. Tazama kitako cha betri, kwani asidi hukila na kuendelea chini hadi kwenye reli. Inua zulia la tairi la spea. Fungua buti uangalie ukingo wa chini wa mlango wake na bati linalopokea kitasa.

Sehemu ambayo wengi hawaitazami ni ile grili ya plastiki au bati chini ya waipa. Maji ya mvua hupita hapo yakatoka pembeni kwa mifereji miwili. Majani yakiziba mifereji, maji hufurika nyuma ya dashibodi na kuteremka kwenye sakafu na ndani ya vizingiti vya milango. Mwaga lita mbili za maji pale juu. Yasipotoka chini nyuma ya magurudumu ya mbele ndani ya dakika moja, tayari unajua sakafu iko vipi hata kabla hujainua kapeti.

Mwisho funga milango yote na uangalie uwazi kati ya mlango na nguzo ya nyuma. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, au kinyume chake, gari limelegea katikati. Hilo linatengenezeka, ila si kazi ya wikiendi mbili, na bei inapaswa kushuka ipasavyo.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa injini. HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia, HLS30 ni ya kushoto. Kibati kidogo ndani ya boneti huandika namba ya chesisi pamoja na ya injini. Linganisha namba ya injini na ile iliyogongwa kwenye bloku. Zikitofautiana gari bado linaendesheka, ila halilingani thamani na lenye namba zake.

Kufungua

Skrubu za Kijapani za miaka ile zinafanana na za msalaba za kawaida lakini hazifanani. Mfereji wake una pembe nyingine, na bisibisi ya kawaida hupanda juu na kula kichwa. Tafuta bisibisi za JIS (kipimo cha Kijapani), saizi namba 2 na namba 3. Zile za bawaba za milango huhitaji bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Kwa boliti zilizoganda, changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki (ATF) na asetoni nusu kwa nusu, paka, acha usiku mzima, rudia asubuhi. Mchanganyiko huo hujitenga, kwa hiyo tikisa kila unapotumia, na usiuweke karibu na moto.

Spana utakazozishika kila siku ni 10, 12, 14 na 17. Weka boliti za kila sehemu kwenye mfuko wake, na uandike kwa kalamu ya wino usiofutika zilipotoka na zinavyopangika. Piga picha kila kiunganishi cha waya kabla hujakivuta.

Sakafu na reli

Sakafu ya 240Z imefunikwa kwa mikeka ya lami ya kuzuia kelele. Ndiyo inayoficha kutu. Ukiweza kupata barafu kavu, imwage juu, subiri dakika kumi, kisha gonga kwa nyundo: lami hupasuka kama sahani ya kauri. Mahali ambapo barafu kavu haipatikani, tumia bunduki ya hewa moto na skrepa pana. Usitumie moto wa gesi. Lami huwaka na moshi wake si wa kuvutwa.

Kabla ya kukata chochote, weka gari kwenye stendi nne zilizosawazishwa kwa pima maji, uzito ukibebwa na miguu na vizingiti, si na reli unazotaka kuziondoa. Chomea kwa muda bomba la mraba la milimita 25 kukatiza uwazi wa kila mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Bila hilo, bodi hulegea sakafu ikishatoka, na mlango uliokuwa unafunga vizuri hautafunga tena. Fanya upande mmoja hadi mwisho ndipo uhamie wa pili.

Kata kutu hadi ufike kwenye bati linalong'aa, kisha ongeza sentimita mbili. Usimwonee huruma bati lililooza. Kipande kipya kiwe cha unene wa milimita 1 hadi 1.2. Bati la zinki linafaa, ila saga zinki yote sentimita tatu kutoka ukingoni kabla ya kuchomea, kwa sababu moshi wake mweupe huleta homa na kichefuchefu usiku huohuo, na mchomo wenyewe hujaa vitundu.

Mashine ya kuchomea iwe ya MIG (inayolisha waya yenyewe) yenye gesi, waya wa milimita 0.6, moto wa chini. Mafundi wengi wa mitaani wana mashine ya fimbo tu. Ni nzuri kwa geti na fremu ya lori, lakini kwa bati la gari hili itatoboa, na fundi ataanza kuziba matundu aliyoyatoboa mwenyewe. Paka praima ya zinki inayochomeleka kwenye sehemu zitakazolaliana. Bandika nukta moja moja, sentimita 3 hadi 5 kati yake, ukiruka kutoka upande huu kwenda ule, na usirudi kwenye nukta mpaka uweze kuigusa kwa kidole. Kisha jaza nafasi kwa vipande vifupi. Bati hujikunja kwa sababu joto likikaa mahali pamoja hulitanua, na likipoa linavuta kuliko lilivyotanuka. Ukiona limeanza kubonyea kama kifuniko cha sufuria, umeharakisha.

Reli mpya zichomelewe kwa matundu: toboa matundu ya milimita 8 kwenye ukingo wa reli, kila baada ya sentimita 4, kisha jaza kila tundu kwa mchomo unaoshika sakafu iliyo juu. Hivyo ndivyo kiwanda kilivyoshika kwa mashine ya nukta, na ndivyo nguvu inavyogawanyika vizuri.

Baada ya hapo safisha, paka praima ya epoksi, ziba maungio kwa mpira wa kuziba, halafu nyunyiza nta ya mashimo ndani ya reli na vizingiti kwa bomba refu. Nta huja mwisho kabisa, kwani ukichomea baada yake itawaka. Puti isizidi milimita 3, na ikae juu ya praima, si juu ya bati tupu. Huo ndio mpaka kati ya kunyoosha na kuficha.

Injini ya L24

Ni silinda sita kwa mstari, cc 2393, bloku la chuma na hedi ya aluminiamu. Usiifungue kwa sababu tu umeshafungua vingine. Toa plagi, mimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye kila silinda, ngoja siku moja, kisha zungusha kwa spana kwenye boliti ya puli. Ikizunguka, pima mgandamizo wa kila silinda, plagi zote zikiwa nje, kabureta zikiwa wazi, betri ikiwa na nguvu. Kinachopimwa ni ulinganifu: silinda dhaifu kuliko zote isiwe chini ya asilimia 80 ya ile yenye nguvu kuliko zote. Ikishindwa, tia mafuta kidogo kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi.

Gasketi ya hedi ndiyo inayowakuta wengi, na chanzo chake mara nyingi ni maji ya bomba yaliyotiwa kwenye radieta miaka nenda miaka rudi. Chumvi ya maji hula aluminiamu kuzunguka matundu ya maji hadi gasketi inakosa pa kushikilia. Tumia maji yasiyo na chumvi (distilled) na kipoza chenye kizuia kutu (coolant), nusu kwa nusu, hata kama unaishi pwani ambako hakuna baridi ya kugandisha chochote.

Sasa jambo moja ambalo limewagharimu watu siku nzima. Mnyororo wa kemu (mhimili unaofungua valvu) unakazwa na tenshena yenye pistoni na springi, iliyo ndani ya kava la mbele. Ukiondoa gia ya kemu bila kuuzuia mnyororo, springi huisukuma pistoni nje, ikaanguka ndani, na hapo lazima uvue kava lote la mbele na sehemu ya sampu (bakuli la mafuta). Zuia hivi: zungusha injini hadi pistoni namba 1 iwe juu kabisa kwenye mgandamizo, weka alama ya rangi kwenye jino la gia na kiungo cha mnyororo kinachokutana nalo. Chonga kabari ya mbao laini, ndefu kama sentimita 25, nyembamba chini na pana juu. Ishushe kati ya pande mbili za mnyororo hadi ibane vizuri, gonga kidogo kwa kiganja. Ifunge kamba juu isije ikazama. Ndipo ulegeze boliti ya gia.

Boliti za hedi ziko za urefu wa aina mbili. Toboa kadibodi matundu kumi na manne kwa mpangilio wa hedi, chomeka kila boliti mahali pake, hutachanganya. Legeza kuanzia pembeni kwenda katikati. Minara inayoshikilia kemu usiiguse kabisa: ilitobolewa kwa mstari mmoja kiwandani, na ukiivua, kemu inaweza kukataa kuzunguka ukirudisha. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi. Kama jani la fila (kipimo cha uwazi) la milimita 0.1 linapita, ipelekwe kusagwa. Ikisagwa sana, mnyororo hulegea na kemu huchelewa. Gia ya kemu ina matundu matatu yenye namba kwa ajili hiyo, na unahamia tundu linalofuata alama ikipita mahali pake. Kama mnyororo umefunguliwa wote, kuna viungo 42 kati ya vile viungo viwili vinavyong'aa, kwa upande wa pili kutoka kwenye tenshena.

Kaza boliti za hedi kuanzia katikati kwa mzunguko wa kwenda nje, kwa hatua tatu za nguvu ya kukaza (Nm, nyutoni mita): Nm 40, Nm 60, kisha Nm 75 hadi 80. Uwazi wa valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa. Ikiwa moto ni 0.25 na 0.30. Pima sikio la kemu likiwa limetazama juu. Spana ya 17 ni ya nati ya kufungia, ya 14 ni ya kurekebisha. Mfuatano wa moto ni 1-5-3-6-2-4, namba 1 ikiwa karibu na radieta, na rota huzunguka kinyume cha saa.

Kabla hujafunga kava la valvu, mtu azungushe stata plagi zikiwa nje, nawe utazame kijibomba kinachomwagia kemu mafuta. Kila tundu litoe mafuta. Tundu moja likiziba, sikio lake la kemu litalika katika kilomita chache, na utalisikia likigonga kama cherehani.

Kabureta mbili za Hitachi

Hizi ni za aina ya SU (zenye pistoni inayopanda na kushuka), na sifa mbaya zilizopewa zinatokana na watu kuzirekebisha kabla ya kusawazisha valvu na moto. Valvu kwanza, plagi (uwazi milimita 0.8 hadi 0.9), pointi za distribyuta (milimita 0.45 hadi 0.55), taimingi, ndipo kabureta.

Kila kengele ya juu na pistoni yake zimelinganishwa kiwandani. Usichanganye za mbele na za nyuma, na usipitishe msasa ndani. Osha kwa petroli, kausha. Inua pistoni kwa kidole na uiachie: inapaswa kushuka yenyewe na kugonga kwa sauti ya "tak" safi. Ikishuka kimya, sindano inasugua jeti, na jeti inahitaji kukaa katikati upya. Ndani ya damper (inayotuliza mwendo wa pistoni) tia mafuta ya SAE 20. Ukitia ya injini mazito, gari litasita ukikanyaga.

Kuanzia, pandisha nati ya jeti hadi mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu, kabureta zote mbili sawa. Washa, acha injini ichemke hadi joto lake la kawaida. Chukua bomba la mpira la nusu mita, mwisho mmoja sikioni, mwingine mdomoni mwa kabureta, umbali ule ule kila upande. Rekebisha skrubu za mwendo hadi mvumo ulingane, kwenye mizunguko kama 750 kwa dakika. Kisha inua pistoni ya mbele kwa milimita moja tu. Mwendo ukipanda ukabaki juu, petroli ni nyingi. Ukianguka papo hapo, ni kidogo. Ukipanda kidogo ukarudi, acha hapo. Rudia ya nyuma, halafu rudi mbele, kwa sababu kila moja huathiri mwenzake.

Kama gari linakataa kuwaka baada ya kusimama kwa dakika kumi juani, petroli imechemka ndani ya bakuli na kwenye bomba la chuma linalopita juu ya hedi. Funga bomba kwa kitambaa cha kuzuia joto, na hakikisha zile pedi nene za kukinga joto kati ya kabureta na manifoldi hazijapotea. Kwa joto la pwani, hilo si la hiari.

Breki na miguu ya nyuma

Diski ya mbele mpya ni milimita 12.5, ikifika 10.5 itupe. Kalipa za asili zina pistoni mbili, na zikishika kutu vifaa vyake ni ghali. Mbadala unaojulikana duniani kote ni kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux 4x4 ya 1979 hadi 1985, zile zenye maandishi ya S12+8 kwenye chuma chake. Zinaingia kwenye matundu yale yale, na pedi zake ziko karibu kila duka la spea. Utakata kidogo kinga ya vumbi nyuma ya diski, na bomba la breki litahitaji kiunganishi kipya. Skrubu ya kutolea hewa lazima iwe juu. Ikiwa chini, umebadilisha kulia na kushoto, na pedali itabaki laini hata ukipampu hadi kesho. Zungusha gurudumu kwa mkono kuona kama rimu inagusa. Pedali ikizama kuliko ulivyozoea, masta (silinda kuu ya breki) ya inchi 7/8 inabadilishwa na ya 15/16.

Nyuma ni dramu. Silinda yake huteleza kwenye sahani inapokaa, ikiganda kwa kutu breki hushika shuu moja tu. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto: lowesha kwa maji yenye sabuni, usipulize kwa kompresa.

Kuna kazi moja huku nyuma inayowatoa watu machozi. Pini ndefu inayoshika mkono wa chini wa mguu wa nyuma huganda ndani ya nyumba yake. Imefungwa na kijiti kidogo chenye uso wa bapa kinachoingia ubavuni, na kijiti hicho lazima kitoke kwanza. Anayesahau hugonga pini hadi inavimba uyoga. Legeza nati ya kijiti hadi ikae sawa na ncha, gonga kutoka upande wa nati, kitoe. Kisha sukuma pini kwa presi, si kwa nyundo. Ikikataa, kata pande zote mbili kwa msumeno katikati ya bushi na nyumba, upeleke kipande kilichobaki kwenye presi ya karakana. Agiza pini mpya kabla hujaanza.

Bushi za mpira zikaze mwisho, gari likiwa limekalia magurudumu yake. Ukikaza miguu ikiwa inaning'inia, mpira hukaa umejisokota na kupasuka mapema.

Umeme na moshi

Swichi ya taa za mbele hubeba mkondo wote, na boksi la fyuzi huyeyuka kwa ajili hiyo. Weka relei mbili karibu na taa, moja ya taa ndefu na nyingine ya fupi, zikichukua moto moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi. Kumbuka kwamba kwenye gari hili swichi ya ndefu na fupi hukata upande wa negative. Seti za taa za kisasa zisizojua hilo huwaka zote mbili kwa pamoja au haziwaki.

Likishatembea, endesha kilomita 60 kwa saa vioo vikiwa juu nusu. Ukisikia harufu ya egzosi ndani, usilaumu injini. Hewa ya nyuma ya gari hili hujipinda na kuvuta moshi kurudi ndani kupitia mpira wa mlango wa buti, gasketi za taa za nyuma na vizibo vya mpira sakafuni. Mtu alale ndani ya buti usiku gari likiwa limezimwa, nawe uzunguke nje na tochi: kila mahali anapoona mwanga ndipo pa kuziba. Kagua pia mabomba ya mpira ya tenki la mafuta yaliyojificha nyuma ya paneli ya kulia, kwa sababu harufu ya petroli mbichi hutoka hapo, na mabomba hayo yakiwa na umri wa gari yatakuwa yamepasuka.